Mdudu kaja na jiwe hai: umwache au umtoe?

Kama ndo umenunua mawe hai ya kuweka kwenye tangi la samaki wa maji ya chumvi kwa mara ya kwanza, usiku wa kwanza usilale mapema. Zima taa za tangi, subiri kama masaa mawili hivi, alafu chukua tochi uifunge plastiki nyekundu mbele maana wadudu wengi hawashtuki sana na mwanga mwekundu, kaa kimya karibu na kioo uangalie. Mchana uliona jiwe tupu lenye zambarau zambarau, usiku unakuta ni mtaa mzima, kuna mikono inatoka kwenye vitundu, kuna minyoo inapita, kuna kitu chenye macho kinakuangalia.

Kwa wasiojua, jiwe hai lenyewe sio hai, ni chokaa, mara nyingi mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, limejaa vitundu kama mkate wa kumimina, na ndani humo wanaishi bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi cha samaki iwe nitraiti alafu nitreti. Ndo maana tunayanunua, ndo filta yenyewe. Ila bakteria hawaji peke yao. Sisi tuliokulia Tanga tunajua, maji ya bamvua yakitoka unageuza jiwe moja tu unakuta kaa, kamba, konokono, minyoo, na ukibahatika pweza. Basi jiwe lile lile ukilifunga kwenye boksi ukalituma kwa ndege, wenyeji wake wanasafiri nalo.

Mi naishi Houston na mawe yangu yanatoka Florida. Kule kuchota mawe asilia baharini walishakataza miaka ya 90, sasa watu wanakodi kipande cha chini ya bahari wanamwaga mawe ya chokaa ya machimboni, wanayaacha yaote, alafu wanayavuna. Fiji nao waliokuwa wanauza mawe mengi sana walifunga biashara hiyo mwishoni mwa 2017. Nayasema haya kwa sababu mahali jiwe lilipotoka linakwambia nusu ya jibu kabla hujashika tochi, utaona huko mbele.

Kitu kimoja nataka ukishike: usimuue mpaka umjue. Wengi wanaokuja na jiwe ni wafanyakazi wa bure, na wale wabaya karibu kila mmoja ana mwenzake mwema anayefanana naye. Kwa hiyo nitawaweka wawili wawili, au watatu inapobidi.

Mnyoo wa manyoya, mnyoo wa moto, na bobiti

Hapa ndo watu wanapotoa roho zisizo na hatia. Mnyoo wa manyoya wa kawaida ana rangi ya waridi au machungwa iliyofifia, mwili pingili pingili kama jongoo, na pembeni pande zote mbili kuna vinyweleo vyeupe vimesimama kama mswaki. Anaweza kuwa mfupi kama njiti ya kiberiti au mrefu kama mkono wako na bado ni yule yule. Kazi yake ni kula mabaki, chakula kilichoanguka nyuma ya mawe ambako mkono wako haufiki, kinyesi, samaki aliyekufa. Na hapo ndo anaposingiziwa, mtu anaamka asubuhi anakuta samaki kalala na minyoo sita juu yake anasema hawa ndo wameua, kumbe samaki alikufa saa nane usiku kwa sababu zake na wao wamekuja kusafisha ili amonia isipande ikaua na wengine. Huyu mwache. Wakizidi sana ujue unalisha sana, punguza chakula na wao watapungua wenyewe.

Mnyoo wa moto, Hermodice carunculata, ni mwingine kabisa. Vinyweleo vyake ni vizito, vishada vyeupe kama pamba, na pembeni ya kila kishada kuna tamvua jekundu. Alafu mwangalie kichwani, ana kitu kama ua la nyama lililokunjamana. Mnyoo wa kawaida hana kichwa cha namna hiyo. Na tabia yake inamsema, utamkuta kapanda juu ya tumbawe kameza ncha ya tawi kama mtu anayekula muwa, akitoka hapo ile ncha imebaki nyeupe. Huyu ni wa Atlantiki, Karibiani na Mediterania, kwa hiyo kama jiwe lako ni la Florida muweke akilini, kama ni la Indonesia uwezekano ni mdogo sana, usijitishe.

Wote wawili usiwaguse kwa mkono mtupu. Mi nilishika jiwe bila glavu nikihamisha tu, sikumuona hata mnyoo mwenyewe, nikasikia vidole viwili vinawaka. Kama utotoni uliwahi kuguswa na upupu unaijua hiyo hali, ila hii inachoma kuliko kuwasha, na ukiangalia kwenye mwanga unaona vinyweleo vimesimama kwenye ngozi kama vumbi la kioo. Usisugue maana unavizamisha. Bandika selotepu yoyote ile, vuta taratibu vitoke nayo, rudia mara tatu nne, alafu paka siki. Kesho yake bado kidole kilikuwa kimevimba kidogo ila kikapoa.

Wa tatu ni bobiti, yaani Eunice, na huyu ndo wa kumtafuta kwa makini. Hana vile vishada vyeupe pembeni. Rangi ya kahawia inayoelekea zambarau, ila akipigwa na tochi anang'aa rangi rangi kama petroli iliyomwagika juu ya maji. Kichwani hesabu papasi, yaani vile vinyuzi vya kupapasia: tano. Hiyo ndo alama ya kuhesabu, tano zimesimama kama vidole, na nyuma kidogo ya kichwa mara nyingi kuna mkanda mweupe. Ana taya. Wapo wa jamii hiyo wadogo wasio na madhara makubwa wanaokula mwani na mabaki, lakini ukianza kuona matumbawe yamekatwa usiku na samaki wanapotea bila mzoga, hesabu papasi. Newquay, Uingereza, mwaka 2009, akwariamu ya maonyesho ilikuwa inaona matumbawe yanaharibiwa hawajui na nani, wakatoa mawe moja moja mpaka wakamkuta, zaidi ya mita moja. Mwaka huo huo Japani alipatikana wa karibu mita 3, sentimita 299, ndani ya chelezo cha bandarini. Alikuwa anaishi hapo watu wanapita juu.

Bobiti usimvute. Akikatika, kile kipande chenye kichwa kikabaki ndani hujafanya kitu. Toa jiwe zima, liweke kwenye ndoo yenye maji ya chumvi kali kuliko ya tangi, atatoka mwenyewe.

Anayegonga usiku: kamba bastola au kamba mantisi?

Usiku wa tatu baada ya kuweka mawe niko sebuleni nasikia tak! Kama mtu kagonga kioo kwa sarafu. Nikadhani kioo kimepasuka, nikakimbilia tangi, hamna kitu. Nimerudi kukaa, tak! tena. Kama na wewe umesikia hivyo, una mmoja kati ya wawili, na tofauti yao ni kubwa maana mmoja ni jirani mwema na mwingine atakumalizia konokono na kaa wote na wakati mwingine samaki.

Watu wanasema unaweza kuwatofautisha kwa sauti. Mi siamini sana, kupitia kioo na mawe sauti zinafanana. Angalia macho. Kamba bastola macho yake ni madogo, yamefunikwa na gamba kama mtu kavaa kofia mpaka kwenye nyusi, na haoni vizuri. Ana gando moja kubwa kupita mwenzake, kubwa kiasi kwamba unajiuliza anatembeaje, na hilo ndo linalolia, analifunga kwa kasi kunatokea kiputo majini na kiputo kikipasuka ndo ile tak. Ni mchimbaji, utaona mchanga unasukumwa nje ya shimo kama mtu anafagia. Wapo wanaoishi shimo moja na samaki, kamba anachimba na samaki analinda mlango. Mwache.

Kamba mantisi ana macho juu ya vijiti, kila jicho linazunguka kivyake, na anakuangalia. Hakuna mdudu mwingine kwenye tangi anayekuangalia vile. Mikono yake ya mbele kaikunja kifuani kama vunjajungu. Kuna wanaochoma na kuna wanaopiga ngumi, na wa ngumi ngumi yake sio mchezo, ile aina kubwa ya rangi rangi imepimwa ikipiga kwa mita 23 kwa sekunde. Wanaokuja na mawe ya Florida kwa kawaida ni wadogo, urefu wa kidole, wa kijani au kahawia, lakini wanapiga vile vile.

Na kama hujapata kumuona hata mara moja, angalia nje ya shimo lake. Hiki ndo kilichonipa jibu mimi, wiki mbili namtafuta na tochi simuoni, siku moja nikaona chini ya jiwe la kushoto vipande vya magamba ya konokono vimerundikana kama takataka za jikoni, magamba yamevunjwa sio yameachwa wazi. Konokono akifa kifo chake gamba linabaki zima. Gamba likivunjwa vipande kuna aliyelivunja.

Kumtoa nilitoa jiwe lenyewe, nikaliweka juu ya ndoo, nikachukua sirinji ya maji ya soda yale ya gesi yasiyo na sukari, nikapuliza ndani ya shimo. Sekunde kumi hazikuisha akaruka nje. Sikumuua. Nilimpa tangi lake dogo la peke yake na jiwe lake, namlisha vipande vya kamba mara mbili kwa wiki, na nakwambia kweli ni mnyama mwenye akili, akiniona naingia anakuja mbele ya kioo. Kama una nafasi mfanyie hivyo, kama huna muulize muuzaji, wapo watu wanamtafuta kwa pesa.

Kaa: angalia ncha za magando

Kaa wa kijani, bapa, anang'aa kama zumaridi, magando ncha zake zimepinda kama kijiko, huyo anakwangua mwani, kile kijiko ndo chombo chake cha kazi. Mwache, ila akikua mkubwa na mwani umeisha mwangalie anaweza kujaribu vingine. Kaa wa kahawia mwenye manyoya mwili mzima na magando yenye ncha nyeusi zilizochongoka, wenzetu wanamwita kaa gorila, huyo mtoe, akiwa mdogo hana shida lakini hakai mdogo, na usiku anavizia samaki waliolala.

Kaa kauri ndo ananiuma mimi. Ni mdogo, bapa kama sarafu, magando makubwa kuliko mwili, ukimuona unasema huyu muuaji. Kumbe yale magando hatumii kuwinda kabisa, chakula chake anakichuja kwenye maji kwa vipepeo viwili vya manyoya vilivyo mdomoni, anavirusha kama mvuvi anayetupa kimia, moja, mbili, moja, mbili. Hesabu na miguu ya kutembelea, utaona jozi tatu tu wakati kaa wa kawaida ana nne. Wa kwanza niliyempata nilimtoa nikamwacha afe kwenye ndoo kwa sababu ya yale magando, na sijapata mwingine kwenye jiwe tangu hapo.

Alafu kuna wale wadogo wanaokaa katikati ya matawi ya tumbawe hawatoki. Wale usiwaguse, ni walinzi, baharini wanapigana hata na kiti cha pweza cha miiba kinachokula matumbawe.

Aiptasia, majano, na wasingiziwa wao

Yote mawili ni anemoni, wanyama laini wa baharini wanaoshika jiwe na kuchoma kwa mikono yao, yote mabaya kwa maana ya kwamba yanazaana na kuchoma matumbawe ya jirani. Aiptasia ni kahawia inayopitisha mwanga, shina refu jembamba, mikono mirefu iliyochongoka, kama mnazi mdogo. Ukiisogelea inarudi shimoni ghafla kama imevutwa na kamba. Majano ni fupi, nene, mikono mifupi yenye ncha za kuvimba kama vichwa vya viberiti, mara nyingi na kijani au waridi ndani yake, na watu wengi wanaipenda kwa sababu inavutia, wanaiacha, baada ya mwaka jiwe zima ni majano.

Anayesingiziwa ni mnyoo wa unyoya, naye anarudi ndani haraka. Ila yeye ana mrija wake anaoishi ndani, na anachotoa ni kama unyoya wa ndege au kipepeo cha kupepea mkaa, kina michirizi midogo midogo. Aiptasia mikono yake ni laini haina michirizi. Mnyoo wa unyoya mwache, anachuja maji.

Aiptasia usiikate wala usiikwangue. Kila kipande cha mguu kikibaki kinaota nyingine. Kama ziko mbili tatu, tengeneza uji mzito wa chokaa ya akwariamu, zima pampu, ziba nayo mdomo wake. Kama zimeshakuwa nyingi nunua kamba pepaminti, na hapa kuna ulinganisho mwingine wa lazima maana madukani wanachanganywa kila siku na kamba ngamia. Pepaminti mwili unapitisha mwanga na mistari myekundu myembamba. Ngamia ni mwekundu zaidi, ana mistari na madoadoa meupe, macho makubwa, na nundu inaonekana kabisa mgongoni. Ngamia ukimweka hatakula aiptasia, atakula matumbawe yako. Niliuziwa ngamia kwa jina la pepaminti, wanne, na kabla sijagundua tumbawe langu laini la miaka miwili lilishachunwa. Muuzaji sidhani alikuwa na nia mbaya, alikuwa hajui, lakini tangu hapo mimi naangalia nundu kabla sijatoa hela.

Konokono

Geuza umuangalie mdomo wa gamba. Mdomo wa mviringo mzima kwa kawaida ni mla mwani. Mdomo wenye mfereji mahali fulani, ambapo anatoa kimrija kama mkonga anunusie, ni mla nyama, mtoe. Hii sio sheria ya asilimia mia, nasarius ana mkonga na ni msafishaji mzuri anayelala mchangani, hata serithi ana kijimfereji, lakini inakusaidia kuanza. Stomatela utamjua, gamba bapa kama sikio limekaa mgongoni halimfuniki, anakimbia kwa konokono, huyo mwache kwa mikono miwili. Vipunje vyeupe kama mchele mdogo vimekaa kwenye gamba la konokono mwingine ni vinyonyaji, viondoe. Na gamba lolote la umbo la koni ya aiskrimu usishike kamwe kwa mkono, wale wana sumu na aina moja yao inayopatikana mpaka pwani yetu imeshaua watu.

Vimirija vilivyoganda kwenye jiwe navyo vinachanganya. Vidogo sana vyeupe vimejikunja kama namba 6, havina shida. Mrija mgumu unaosimama wenye ncha kali ya kukata kidole, na ukilisha unaona unatupa utando wa kamasi kama buibui, huyo ni vermetidi, ni konokono huyo, na utando wake unasumbua matumbawe. Vunja mrija au uzibe kwa gundi ya supa.

Viti vya pweza vidogo vyeupe vinavyotambaa kwenye kioo, mikono haijalingana, asterina, kwa sehemu kubwa havina neno. Wale wenye mikono mirefu myembamba kama mijeledi inayochungulia kwenye vitundu ni wasafishaji, furahi.

Hili sio la kuchagua

Vifungo vya kahawia au kijani vilivyoota pamoja kama zulia, kila kimoja na nywele fupi pembezoni, vinaweza kuwa palithoa, viumbe laini wa jamii moja na anemoni. Kuna wenzake wazuri wanaofanana nao sana, zoa za rangi rangi ambazo watu wananunua kwa bei, na kwa macho sio rahisi kuwatenganisha, kwa hiyo wote wachukulie kama wana sumu. Sumu yenyewe, palitoksini, ni kati ya kali kabisa zinazojulikana. Glavu, miwani, na usisugue jiwe hilo kwa brashi likiwa nje ya maji. Na nawaomba sana, usichemshe jiwe hai. Kuna mtu atakushauri chemsha uue wadudu wote. Mvuke unabeba sumu nyumba nzima. Mwaka 2018 kijiji cha Steventon, Uingereza, familia ilisafisha tangi lao wakaishia hospitali wote, pamoja na baadhi ya waliokuja kuwaokoa. Ukiwa na watoto ndani fikiria hilo kwanza.

Au uchukue jiwe kavu?

Ukisoma haya yote ukaona huna moyo nayo, jiwe kavu lipo, haliji na mtu, ni rahisi kusafirisha na halina aiptasia hata moja. Gharama yake ni muda. Bakteria inabidi uwalete mwenyewe, na miezi ya kwanza utapita kwenye mwani wa kahawia na makamasi mpaka tangi litulie. Na hutapata stomatela, wala minyoo, wala wale wenye mijeledi, utawanunua mmoja mmoja. Kwa mtu anayeanza na tangi dogo lenye matumbawe ya bei ningemwambia kavu, aongeze kipande kimoja kidogo cha jiwe hai alichokikagua vizuri. Kwa mtu mwenye nafasi na subira, hai.

Ila hai liwe hai lenye karantini. Mi sasa naweka kila jiwe jipya kwenye boksi la plastiki chini ya ngazi, hita ya nyuzi 25, pampu ndogo, maji ya chumvi, wiki nne mpaka sita, napima amonia mpaka isome sifuri. Kila usiku kabla sijalala nashuka na tochi. Boksi la mwezi huu lina mawe matatu, mpaka jana nimehesabu minyoo ya manyoya kumi na moja, stomatela wawili, aiptasia moja ambayo nimeshaiziba, na kwenye jiwe la katikati kuna shimo ambalo mchanga unasukumwa nje. Macho bado sijayaona.